Siku nane Lindi na Mtwara, nikimfuata ndege wa gramu kumi

Ni zaidi ya mwezi sasa tangu nirudi Temeke, na udongo wa Rondo, kule mkoani Lindi, bado umo kwenye soli za viatu. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya oda za sikukuu. Nilichonacho ni daftari dogo ambalo kurasa zake nne zimelowa, na picha mia mbili na ushei za simu, nyingi zikiwa za tawi ambalo ndege ameshaondoka.

Kwa wasionijua: mimi ni fundi cherehani. Ndege waliniingia kwa mlango wa deni. Miaka minne iliyopita mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu wa baiolojia, alikwama kumalizia pesa ya suti ya harusi ya mwanawe, akaniwekea darubini rehani. Suti ikavaliwa, harusi ikapita, deni likalipwa, darubini sikurudisha. Siku hizi Mwalimu hupita dukani jioni kunisahihisha daftari.

Ndege niliyemfuata kitaalamu ni Phylloscopus trochilus. Jina la kwanza lina asili ya Kigiriki, ni kama kusema mtazama majani, nami nimezoea kumwita Mchungulia. Waingereza wamempa jina la mti wa kwao uotao kandokando ya mito, ambalo halimsaidii mtu aliyesimama chini ya mkorosho. Ni mdogo kuliko shomoro. Mgongo kijani kilichofifia, kifua manjano ya kubahatisha, hana doa, hana kishungi, hana mkia wa kujivunia, na dume na jike ni sare moja. Kama angekuwa kitambaa, angekuwa bitana.

Daftari langu la mwaka jana lilikuwa limemwandika mara kumi na nne, Pugu mpaka Vikindu. Mwalimu alilisoma, akalifunga, akauliza, "Miguu yake ilikuwa rangi gani?" Nikanyamaza. "Basi, fundi, umeandika mara kumi na nne kwamba umeona ndege wa kijani." Akanikataza kumletea jina tena. Nimletee mguu, unyusi, bawa na sauti. Jina atalitaja yeye.

Kwa nini kusini? Moja, nina bibi Rondo, mdogo wake bibi mzaa mama, ambaye sijamwona tangu msiba wa 2017. Pili, kuna utafiti uliochapishwa 2018. Madume watatu wa tawi la mashariki kabisa la ndege huyu, wanaozaliana Chukotka, kule Urusi inakokaribia Alaska, walifungwa mgongoni kifaa kidogo cha kurekodi mwanga. Waliporudi mwaka uliofuata wakakamatwa tena, kifaa kikasomwa. Safari ya kwenda tu ilikuwa kama kilomita 13,000, na mwisho wake ni kusini mwa Tanzania na Msumbiji. Nilisoma sentensi hiyo nikiwa napiga pasi. Niliunguza kola ya mtu.

Siku ya kwanza, Jumatano 1 Machi 2023. Mbagala hadi Lindi

Tiketi iliandikwa saa kumi na mbili asubuhi. Tuliondoka Rangi Tatu saa mbili kasoro, baada ya kondakta kupata watu wawili wa kujaza kiti cha nyuma. Nauli 28,000. Ukienda kusini asubuhi kaa upande wa kulia, maana jua linakuwa kushoto, na mapazia ya mabasi yetu mnayajua.

Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri nililala. Daraja la Mkapa nililiona kwa jicho moja, na Rufiji chini yake imejaa, rangi ya chai ya maziwa. Somanga dakika kumi za samaki wa kukaanga na muhogo, 3,500, mikono ikanuka mpaka Lindi.

Kabla ya Nangurukuru tairi la nyuma lilipasuka. La akiba lilikuwepo, jeki haikuwepo. Tulikaa chini ya mwembe saa moja na nusu tukingoja lori lenye roho nzuri. Nikatoa darubini. Baba mmoja akaniangalia wee, kisha akauliza kama napima barabara, maana shamba lake liko karibu na alama za X na anataka kujua kama fidia imefika. Nilipomwambia natafuta ndege alisikitika waziwazi. Mama aliyekaa jirani yangu alinimegea nusu ya hindi lake la kuchoma bila kuuliza kitu.

Lindi tuliingia magharibi inaadhiniwa. Gesti ya 20,000, feni inazunguka, maji ya ndoo.

Siku ya pili, Alhamisi 2 Machi. Lindi mjini

Siku ya aibu, niiseme haraka. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa kwenye vilima vya nyuma ya mji, na kufikia saa tatu nilikuwa nimeandika Mchungulia watano. Mchana nikazikuza picha. Wa kwanza na wa pili walikuwa chozi majike, wale ndege wafyonza maua: ukitazama vizuri, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia. Wa tatu na wa nne walikuwa wale wenye duara jeupe kuzunguka jicho, kama mtu aliyevaa miwani. Wanapita kwa makundi, wanalia kwa pamoja. Wa tano lilikuwa jani.

Kosa langu lilikuwa lilelile ambalo huwasema wateja wangu kila siku. Kitambaa usikichague rangi ndani ya duka. Kitoe nje. Ndege akiwa chini ya majani, majani yanampaka kijani. Akiwa na jua nyuma yake, anakuwa mweusi. Akiwa juu ya ua la njano, anakuwa wa njano. Tangu saa ile nikaacha kuandika rangi ya mgongo. Nikaanza na unyusi. Mchungulia ana mstari mrefu wa manjano hafifu juu ya jicho, unaanzia karibu na mdomo na kupita nyuma ya jicho kabisa, na chini yake mstari mwingine wa giza unaokata jicho katikati. Umbo hilo halibadiliki hata mwanga ukibadilika.

Jioni nilikula wali wa nazi na pweza ufukweni, 6,000, nikitazama mitumbwi ya Kitunda ikivuka.

Siku ya tatu, Ijumaa 3 Machi. Kupanda Rondo

Noah kutoka Lindi mpaka Mtama, tukiacha barabara ya Mtwara pale Mnazi Mmoja: 4,000, watu kumi na moja na kuku. Mtama nikanunua sukari kilo mbili, sabuni na chumvi vya kwa bibi, nikatafuta boda wa kunipandisha. Wa kwanza alitaja 35,000 alipoona darubini. Wa pili, kijana mwenye koti la mvua lililochanika begani, alisema 20,000 "na kama tutasukuma, tutasukuma wote". Nikampenda kwa ukweli wake.

Tulisukuma wote. Barabara inaacha lami na kuanza kupanda, na kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, utelezi ulikuwa wa kuloweka mpaka magoti. Kilima cha tatu pikipiki ilizama mpaka ekseli. Wakatokea wanaume watatu wa baiskeli za mkaa, wakashusha mizigo yao, wakainyanyua pikipiki pamoja na begi langu juu yake kama watu wanaohamisha meza. Nikatoa pesa. Mkubwa wao akanisukuma mkono: "Leo kwako, mama, kesho kwetu." Nilifungua begi, nikatafuta sindano na uzi, nikamshonea yule boda koti lake hapohapo barabarani huku akikwangua tope kwenye mnyororo. Dakika nane, mshono wa kurudi. Nadhani hiyo ndiyo nauli yangu halisi.

Nikiwa nimeinama kwenye koti ndipo nikasikia: *hu-wiit*. Silabi mbili, ya pili inapanda, laini, kama mtu anayekuita kwa mluzi lakini hana uhakika kama ni wewe. *Hu-wiit.* Ilitoka kwenye mkorosho uliokuwa ukingoni mwa barabara. Sindano mdomoni, darubini mkononi. Alikuwepo, anachokora chini ya majani, anarukaruka kutoka kitawi hadi kitawi, kila mara anachungulia upande wa chini wa jani kama mnunuzi anayekagua upindo. Alitulia sekunde mbili kwenye tawi kavu. Miguu: kahawia iliyofifia, karibu na rangi ya ngozi ya karanga mbichi.

Mguu ni jambo kubwa kwa sababu ya ndugu yake, Phylloscopus collybita, wanaofanana kama mapacha. Huyo miguu yake huwa myeusi au ya giza, na mkia huuchezesha chini kila mara. Kwa kweli collybita karibu wote huishia kaskazini zaidi, hawafiki huku Lindi. Lakini Mwalimu hakubali "karibu wote".

Nilimshukuru boda wangu kwa kukwama topeni. Alicheka akasema hajawahi kushukuriwa kwa hilo.

Bibi nilimkuta anachambua uyoga barazani. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Umekonda. Nani huyo umemfunga shingoni?" Alimaanisha darubini.

Ugali wa muhogo, uyoga wa nazi. Nililala saa mbili usiku.

Siku ya nne, Jumamosi 4 Machi. Msituni

Rondo ni uwanda wa juu, unakaribia mita 900, na msitu wake una sifa duniani kuliko umaarufu wake hapa nyumbani. Kuna komba mdogo sana anayeitwa kwa jina la uwanda huu, wa gramu sitini hivi. Kuna pia mkwe wetu mwingine msafiri, Geokichla guttata, ndege mwenye madoa kifuani kama kanga, ambaye huzalia misitu ya huku kusini wakati wa mvua kisha huenda kuukalia ukame kwenye misitu ya pwani ya Kenya.

Kuingia hifadhini unahitaji kibali cha watu wa misitu, na malipo ni kwa kontroli namba, siyo fedha taslimu. Fanya jambo hilo mjini kabla hujapanda, maana mtandao kule juu unakuja na kuondoka. Mimi nililipia nikiwa Lindi. Ada haikufika hata nusu ya nauli ya boda. Vaa suruali ndefu uichomeke ndani ya soksi. Siafu hawajali kibali.

Nilitembea kwa muda wa saa nne na mlinzi mmoja mpole, mtu asiyeongea mpaka aulizwe. Msitu ulikuwa mnene, unadondosha maji, umejaa sauti ambazo sikuzijua hata moja. Mchungulia: sifuri. Nilipomweleza mlinzi umbo lake na kumpigia ule mluzi wa *hu-wiit*, akasimama. "Huyo? Huyo haingii huku ndani. Yuko kwenye mikorosho ya watu na miti ya wazi wazi. Mimi nikienda kunywa chai ndiyo namsikia."

Na kweli. Nilirudi saa saba nikiwa nimelowa na kuumwa na siafu, nikakaa barazani kwa bibi, na kwenye mkorosho wa kwanza mbele ya choo walikuwepo wawili. Anapenda mwanga unaopenya, miti yenye nafasi kati yake, vidudu vidogo vya kwenye majani. Mkorosho unampa vyote. Nililipia msitu, ndege yuko chooni kwa bibi. Wakulima wa mikorosho wanamjua "mbu wa mikorosho", yule mdudu anayefyonza machipukizi, nami sisemi kwamba Mchungulia ameletwa kumtibu, ila siku ile alikuwa akila kitu kila sekunde tatu.

Siku ya tano, Jumapili 5 Machi. Mvua

Ilinyesha kutoka alfajiri hadi saa kumi na moja. Kurasa zangu nne zililowa siku hii, kwa kuvuja kwa paa.

Tulikaa jikoni. Bibi aliniuliza yule ndege ana uzito gani. Nikachota kijiko cha sukari, nikamimina kwenye kiganja chake, nikaongeza cha pili. "Huyo mzima, bibi, na manyoya yake." Akautikisa mkono kidogo, akaumimina kwenye chai yake. "Na anatoka wapi?"

Nikamweleza Urusi, theluji, kilomita 13,000. Nikamweleza kwamba husafiri usiku, na kwamba vifaranga wa mwaka ule huondoka peke yao bila wazazi kuwaonyesha njia. Na hawa wa mashariki ya mbali hawakati njia ya mkato. Kwanza wanaelekea magharibi, wanavuka Asia nzima, ndipo wanageuka kusini.

"Hao wazungu wamejuaje alikopita?"

Nikachora kwa kidole kwenye jivu. Kifaa kina saa na kinaona mwanga tu. Kinaandika jua limechomoza lini, limezama lini. Urefu wa mchana unakuambia uko kaskazini au kusini kiasi gani. Saa ya jua la utosini inakuambia uko mashariki au magharibi kiasi gani. Ila karibu na Machi 21 na Septemba 23 hesabu ya kwanza inakwama, kwa kuwa mchana na usiku vinalingana karibu dunia nzima. Bibi alisema baba yake alikuwa akijua saa kwa kivuli cha mnazi, na naye siku za mawingu alikuwa anakwama.

Kisha nikatoa hoja yangu, niliyokuwa nimeitayarisha tangu Dar. Nilimwambia huyu tunakosea kumwita mgeni. Hesabu miezi. Kwao Urusi ya mbali anakaa majira mafupi ya joto, anazalia, anaondoka Agosti. Njiani anapoteza miezi. Huku kusini na mashariki mwa Afrika anakaa tangu Novemba hivi mpaka Machi, Aprili. Hata manyoya: ndege wengi wadogo hubadilisha manyoya yote mara moja kwa mwaka, yeye mara mbili. Suti moja anashonewa huko baada ya kuzaa, ya pili anashonewa hapa, kabla ya kuondoka. Wawili wale wa mkorosho walikuwa wamevaa mpya, upindo haujachakaa hata kidogo. "Kwa hiyo, bibi, kwao ni hapa. Huko anakwenda kikazi."

Bibi alimaliza chai yake kwanza. "Anazalia wapi?"

"Huko Urusi."

"Basi kwao ni huko. Mama yako alikuzaa wapi? Si alipanda hapa na tumbo lake, miezi minane, kwa gari la mbao? Alikuwa ameolewa Temeke, anakula Temeke, nguo ananunuliwa Temeke. Kujifungua akaja kwao." Akaniangalia kama mtu aliyeficha kadi. "Mtu huenda kujifungua kwao, mjukuu wangu."

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo.

Siku ya sita, Jumatatu 6 Machi. Rondo hadi Masasi

Kushuka ni rahisi kuliko kupanda ila kunatisha zaidi. Boda yuleyule, 15,000, "punguzo la mshono". Kutoka barabara ya lami nikapata basi dogo la Masasi, 7,000. Tulipita Nyangao, kisha Ndanda, ambako wamonaki Wabenedikto walijenga misheni tangu 1906. Kituo kilikuwa cha dakika tano za karanga.

Masasi usiikimbilie gizani. Ile milima ya mawe iliyosimama peke yake inavutia mwanga wa jioni kiasi kwamba nilisahau ndege kwa nusu saa. Gesti 18,000, safi, na mwenye gesti, mama wa makamo, aliposikia nataka kutoka saa kumi na moja alfajiri kwenda porini alikataa kunipa ufunguo mpaka nipate mtu wa kunisindikiza. Akamwamsha mpwa wake. Kijana alikuja na rungu na redio.

Siku ya saba, Jumanne 7 Machi. Miombo ya Masasi

Hii ndiyo siku. Kama una siku moja tu kusini, iwe Machi na iwe kwenye miombo, ile misitu ya miti iliyoachana, ukingoni, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu.

Miti ilikuwa imejaa majani, umande unadondoka, kijana amekubali kuzima redio. Kundi mchanganyiko la ndege wadogo likapita juu yetu, wa aina sita au saba wakila pamoja. Zamani ningeandika wote wa kijani ni Mchungulia. Mmoja alikuwa na jicho la rangi hafifu lililokodoa, shingo ya manjano kali, kichwa kijani, hana unyusi: Eremomela scotops, mwenyeji wa miombo, haendi popote. Nikamwacha apite, na nilijisikia kama niliyekata gauni bila kukosea kipimo.

Nyuma ya kundi akaja mmoja mwenye unyusi. Miguu ya karanga. Akajinyoosha kunyofoa kitu chini ya jani, na bawa likakaa ubavu wazi mbele yangu. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho Mwalimu alinichorea mara tatu. Ukitazama bawa lililokunjwa, kuna manyoya mafupi ya ndani yanayofunika, na chini yake manyoya marefu ya nje yanachomoza, kama shati refu lililotoka chini ya koti. Kwa Mchungulia shati linatoka sana, karibu robo tatu ya urefu wa koti au zaidi. Kwa collybita linatoka kidogo tu. Ni bawa la msafiri: refu, lenye ncha. Huwezi kwenda Chukotka na bawa fupi. Niliipata picha kwa kubandika simu kwenye kioo cha darubini. Ni ya ukungu, lakini shati linaonekana.

Alikuwa amepauka, kijivu kuliko wa Rondo, tumbo karibu jeupe. Tawi la mashariki, linaloitwa yakutensis, huwa hivyo. Lakini rangi tena! Nimeandika "kijivu" na kuishia hapo. Siwezi kumwambia mtu ametoka Chukotka au Ufini kwa kutazama tumbo.

Kisha akaimba.

Nilikuwa nimeambiwa kwamba kabla ya kuondoka huwa wanaimba hukuhuku, lakini nilidhani ni vijisauti vya mazoezi. Ulikuwa wimbo mzima. Unaanza juu na wembamba, sauti ndogo zinazofuatana harakaharaka, unashiba katikati, kisha unashuka, unashuka, unapunguza mwendo, na mwishoni unafifia kabla hujajua umeisha. Kama sekunde tatu. Halafu kimya, anakula kidudu, anarudia. Hakuwa na jike wa kumvutia wala eneo la kuzalia la kulinda kwenye miombo ile. Alikuwa anaimba tu huku akila, kama mimi nikiwa nashona.

Nilisimama pale saa nzima. Kijana alikaa juu ya jiwe, na mara ya kumi hivi akauliza polepole, "Shangazi, kwani kuna zawadi?"

Mwaka 1768 kasisi mmoja Mwingereza, Gilbert White wa kijiji cha Selborne, aliandika kwamba ndege hawa ambao watu waliwafanya aina moja ni aina tatu, na jambo lililomsaidia sana ni nyimbo zao. Hakuwa na darubini kama yangu. Alikuwa na masikio na muda. Nilipomsimulia kijana alisema basi angekuja Masasi, muda tunao.

Neno moja kwa watakaokwenda: msipige rekodi ya wimbo wake kwa spika ili asogee. Nilikuwa nayo kwenye simu na nilijaribiwa. Ndege yule ana safari mbele yake, kazi yake mwezi wa Machi ni kula na kujaza mafuta. Kumfukuzisha kivuli cha dume asiyekuwepo ni kumwibia.

Siku ya nane, Jumatano 8 Machi. Masasi hadi Mtwara

Mwendo wa saa tatu na nusu kwa basi, 10,000, hakuna la kusimulia isipokuwa kwamba dereva alikuwa na kanda moja tu ya taarabu. Alasiri nikaenda Mikindani kwa daladala, nikakaa chini ya mkungu ufukweni na changu wa kuchoma wa 8,000. Kwenye bustani moja ya nyumba ya zamani akalia, *hu-wiit*. Mara moja. Sikuinua hata darubini, nikaandika: "sauti tu". Mwalimu angefurahi.

Alhamisi nilirudi Dar, kilomita mia tano na sitini za kulala na kuamka.

Kwa watakaotaka hesabu: kila kitu, na sukari ya bibi ndani yake, kilipita 250,000. Ingepungua kwa elfu hamsini kama nisingenunua korosho za Mtwara za kuwagawia majirani ambao hawakuniuliza hata ndege nilimwona.

Mwalimu alikuja Jumamosi. Nikamwekea rekodi ya Masasi. Inasikika miombo inadondosha maji, wimbo mara nne, kisha sauti ya kijana ikiuliza habari ya zawadi. Alisikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Akaomba daftari, akasoma mguu, unyusi, bawa, akafika siku ya pili akacheka mpaka akavua miwani: "Jani, fundi?" Halafu akachukua kalamu yangu ya kuchorea vitambaa na kuandika jina mwenyewe, kwa herufi za ubaoni, kwenye ukurasa wa Masasi na ule wa barabara ya Rondo. Ule wa mkorosho wa bibi aliuacha wazi, kwa sababu sikuandika miguu.

Nikampigia bibi, nikamwomba awe anautazama mkorosho wa mbele ya choo, na siku atakapoona wale wadogo hawapo anijulishe. Alisema ana kazi nyingi.

Wiki iliyopita akapiga, asubuhi na mapema. "Hawapo tangu juzi," akasema. "Wameshakwenda kwao kujifungua." Kisha akaniuliza doti ya khanga siku hizi ni shilingi ngapi.